Kadi ya Geti la Kijani

Jumamosi saa tisa alasiri, nikiwa na suruali ya mtu chini ya sindano ya cherehani, nilisikia hodi getini. Nikatoka na tepu ya kupimia shingoni nikawakuta watu wawili ninaowafahamu: kinyozi wa karibu na kituo cha mafuta, na mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini. Wote ni waumini wenzangu, ila wao ni wa kikundi cha ng'ambo ya barabara kuu. Walikuwa nadhifu, Biblia kwapani, na wamevaa ule uso wa upole tunaouvaa tukienda kwa watu tusiowajua. Uso ule naujua vizuri, maana mimi ndiye niliyewafundisha.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Mmepotea nyumba?"

"Amina, mama." Kinyozi akaangalia kadi aliyoishika, akaangalia geti, akarudi kwenye kadi. "Hatujapotea. Nadhani."

"Hebu lete nikuelekeze. Mtaa huu naujua nyumba kwa nyumba."

Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu, la sivyo hakuna atakayeelewa nilivyochanganyikiwa. Kanisa letu limegawanyika katika vikundi vya nyumbani, watu kumi au kumi na wawili kila kimoja. Jumatano jioni tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu, tunasoma Neno, tunaombeana. Kikundi cha mtaa wetu hukutana kwangu, na kiongozi ni mimi. Zamani tulikuwa tunawatembelea majirani zetu wenyewe, ikawa balaa: mtu anakueleza shida zake leo, kesho anazisikia zikisimuliwa dukani. Miaka miwili iliyopita nikatoa wazo, na mchungaji akalipenda. Kila kikundi kiandike kadi za majirani wanaohitaji kutembelewa, kadi ziende ofisini zichanganywe, kisha kila kikundi kipewe kadi za mtaa wa wengine. Anayeandika haweki jina lake, na anaandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Jina la jirani nalo haliandikwi, ni maelezo ya nyumba tu. Nilijivunia utaratibu ule kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Kinyozi akanipa kadi. Nikashusha miwani kutoka kichwani nikasoma.

GETI LA KIJANI, NYUMBA YA TATU BAADA YA DUKA LA RANGI. MAMA WA HAPO ANA MZIGO WA MTOTO WAKE NA HATAKI KUUSEMA. ASIHUBIRIWE. AKAE NA MTU.

Nikasoma tena. Duka la rangi, sawa. Nyumba ya kwanza ni ya fundi viatu, ya pili ya wapangaji, ya tatu... Nikageuka kuliangalia geti langu mwenyewe, labda kuna mtu amelipaka rangi nikiwa ndani. Lilikuwa la kijani. Lina miaka kumi na moja likiwa la kijani.

"Kuna makosa," nikasema.

"Ndivyo nilivyomwambia," akasema yule muuguzi. "Nikamwambia, baba, hapa ni kwa Mama Kiongozi. Hakusikia."

"Kanuni inasema usiruke nyumba hata kama una mashaka," kinyozi akajitetea. "Kanuni ni yako, mama."

Tukabaki tumesimama pale, kila mmoja akingoja mwenzake aseme la maana. Mwishoni nikawakaribisha ndani kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Nikawapa chai. Muuguzi akaniuliza, "Hali yako, mama?" nikajibu, "Namshukuru Mungu," kisha nikamuuliza kuhusu magoti yake. Akanieleza magoti yote mawili, moja moja. Kinyozi naye akasema mwenye kibanda chake anataka kumwondoa, na hajamwambia mke wake. Nikawashika mikono nikawaombea kwa sauti dakika kumi nzima. Waliondoka wameburudika. Getini kinyozi alinishukuru kwa kumtembelea, halafu akasimama akikuna kichwa, akijaribu kukumbuka nani alikuja kwa nani.

Niliporudi kwenye cherehani nikaishona ile suruali miguu miwili ikawa mmoja.

Jambo lenyewe ni hili. Nina binti mmoja tu, ana miaka ishirini na minne. Miezi kumi na minne iliyopita alikaa kwenye stuli ya jikoni akaniambia ana mimba ya miezi mitatu, na aliyempa mimba ameshapotea. Nilimjibu nikiwa nimesimama. Nilimwambia mimi nagonga milango ya watu kuwapelekea habari njema, na yeye ananivua nguo hadharani. Aende, na asirudi mpaka atakapokuwa tayari kuomba radhi mbele ya kanisa. Hakulia. Aliosha kikombe chake, akafungasha, akaondoka. Kikundi nikawaambia amepata kazi mbali. Wakiniuliza nasema hajambo, anawasalimia. Ukweli ni kwamba tangu siku ile hajanipigia simu. Kwa hesabu zangu kuna mahali mtoto wa miezi minane ambaye ni mjukuu wangu, na sikujua kama ni wa kike au wa kiume, wala kama yu hai.

Kwa hiyo mtu akiandika kwamba nina mzigo wa mtoto, si mtu wa kubahatisha. Ni mtu anayejua. Na akijua mmoja, wote watajua, na mimi nitaonekana mwongo mbele ya watu niliowafundisha kusema kweli. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Waliojua walikuwa watatu. Mimi sikujiandika. Binti hayupo. Alibaki mume wangu, na huyo nilimtoa kwenye orodha kabla hata sijamweka. Mume wangu ni fundi wa friji na kanisani haendi. Si mbishi. Ukimhubiria anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anakuuliza kama umekula. Kikundi changu kimemwombea miaka tisa. Kwenye daftari letu la maombi ya kudumu yumo, katikati ya mtaro wa barabara na mvua. Jumatano tukikutana yeye hujifungia chumba cha nyuma na mafriji yake, na mimi niliamini hajui hata kadi zetu ni za rangi gani.

Lakini mume wangu ana dada. Wifi yangu huyo ana duka la vifaa vya shule, yumo kwenye kikundi changu, na kila Jumatatu hupita kumsalimia kaka yake. Mwezi ujao vikundi vinachagua viongozi. Nikajumlisha mbili na mbili. Kaka kamwambia dada, dada kaandika kadi, na sasa ananichimba taratibu. Kisha nikakumbuka wifi ndiye aliyeniuguza nilipofanyiwa upasuaji, nikaona haiwezekani. Halafu nikaona inawezekana sana, maana aliyekuuguza ndiye anayekujua vizuri. Nikawa hivyo siku nzima, nampa hatia asubuhi namwachilia mchana.

Jumapili kanisani mambo yakazidi. Muuza dawa, ambaye ni mwanakikundi wangu na mtu wa utaratibu kupita kiasi, aliniambia "pole na kazi." Pole ya nini? Kazi gani? Fundi bomba akaniuliza, "Binti hajambo?" Huniuliza hivyo kila wiki, lakini wiki hii nilimkazia macho mpaka akarudi nyuma. Mke wa mchungaji alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Au ni mimi niliyemng'ang'ania, sijui. Mahubiri yalihusu nini sikumbuki hata neno moja, na wimbo wa mwisho niliimba ubeti wa pili wakati wenzangu wako wa tatu.

Jumatatu nikamvizia mume wangu akila.

"Dada yako anajua?"

"Anajua nini?"

"Unajua ninachosema."

"Mama, kwa siku unasema mengi." Akaweka kijiko chini. "Wewe ungependa nani ajue?"

"Hakuna mtu."

"Haya," akasema, akaendelea kula. Nilikasirika sana na lile haya, ila sikupata pa kulishikia.

Jumatano saa kumi na moja jioni wakaja wote, watu tisa, wakajaza makochi na viti vya jikoni. Chumba cha nyuma mlango ukafungwa kama kawaida. Tukaimba, tukasoma. Sura ilisomwa na wifi kwa ile sauti yake tamu, na kila neno niliona ananielekezea mimi. Muuza dawa akashusha kisanduku cha kadi kutoka juu ya friji, akaanza kugawa kadi tupu za mwezi huu.

"Kabla hatujaandika," nikasema, "kuna mmoja humu ndani ana jambo la kusema."

Watu wakatazamana. Fundi bomba akanyoosha mkono polepole.

"Ngazi ya kanisa iko kwangu," akasema. "Nitairudisha Ijumaa."

"Si ngazi!"

"Basi Alhamisi."

"Nimesema si ngazi! Wifi."

"Abee."

"Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Sijui, wifi yangu." Na alionekana hajui kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

"Usijitie hamnazo. Kaka yako alikuambia nini kuhusu mwanangu?"

"Kaka? Hajaniambia kitu. Wewe ndiye huniambia, kwamba anatusalimia."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikasimama. "Basi nani alimwambia mtu kwamba nilimfukuza binti yangu na mimba yake? Kwamba miezi kumi na minne hajanipigia simu? Nani aliiandika kwenye kadi mpaka watu wa ng'ambo wakaniletea getini kwangu?"

Niliwaangalia usoni mmoja mmoja, nikimtafuta aliyejua. Muuza dawa alikuwa na kalamu hewani. Fundi bomba alitazama zulia. Wifi mdomo ulikuwa wazi. Nilizunguka sebule nzima kwa macho, nikarudia, na taratibu nikaanza kuelewa: hakuna aliyejua. Siri niliyoifungia miezi kumi na minne nilikuwa nimeitangaza mwenyewe, kwa sauti ya kuhubiria, mbele ya watu tisa waliokuja kusoma Biblia.

"Mimba?" akasema wifi. "Mwanangu alikuwa na mimba?"

Nilikaa, kisha nikasimama tena. Kama ningeweza kutoka nje ningetoka, lakini ilikuwa nyumba yangu na sikuona niwaachie nani.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mume wangu akatokea na ovaroli lake na kitambaa cha kufutia mafuta. Miaka tisa hakuna aliyewahi kumwona pale sebuleni siku ya Jumatano. Mtu wa karibu na mlango alijikunyata kumpisha, wakati nafasi ilikuwepo tele.

"Msimwandame dada yangu," akasema. "Kadi niliandika mimi."

Ni muuza dawa aliyepata sauti kwanza. "Lakini wewe si mwanakikundi."

"Sikusema ni mwanakikundi."

"Kadi zinaandikwa na wanakikundi."

"Kisanduku kinakaa juu ya friji. Nilifungua friji kuchukua maji, nikakiona. Hakikuandikwa ni cha nani."

"Kanuni haisemi kitu hapo," fundi bomba akasema, nadhani kwa shukrani kwamba habari ya ngazi imepita.

"Wewe nyamaza," nikamwambia. Nikamgeukia mume wangu. "Unaniandika? Mimi? Kwenye kadi, kama mtu asiye na mtu?"

Alikunja kile kitambaa mara mbili kabla ya kujibu. "Kila nikitaja jina la mtoto unaniambia tuombe. Unafumba macho. Ukiyafumbua umeshashika kazi nyingine. Mimi sijui kusema na mtu aliyefumba macho. Mwaka mzima nimejaribu. Nikaona hawa watu wako wanajua kubisha hodi, labda wao utawafungulia."

"Niliwafungulia!"

"Nilikuwa nasikia. Niliandika asihubiriwe. Sikuwaza kwamba mhubiri utakuwa wewe."

Kuna mtu alicheka puani akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka yule mama wa magoti alivyoniuliza hali yangu, akiwa ameinama mbele kidogo, kikombe bado hajakigusa. Aliuliza kweli, na alikuwa tayari kungoja. Nilimjibu namshukuru Mungu, nikamrudishia swali mikononi.

Wifi alisimama akaja kukaa kwenye mkono wa kochi langu. Nilitegemea atanigombeza, na ningefurahi kugombezwa, kwa sababu kugombana najua. Lakini aliuliza taratibu tu.

"Umesema miezi kumi na minne hajakupigia."

"Hata mara moja."

"Na wewe umempigia mara ngapi?"

"Mimi ni mama yake."

"Najua. Mara ngapi, wifi?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nilikuwa na maelezo mengi, yamepangika vizuri: heshima, mfano kwa vijana, nani alimkosea nani. Nikayatafuta sikuyapata. Kulikuwa na mzee mmoja mtaa wa juu aliyenifungia mlango usoni mara sita, na mara ya saba nilienda tena na sabuni na sukari. Binti yangu sikumpigia simu hata moja. Nilikaa na simu kando ya cherehani nikingoja ilie, na kila siku isipolia nikamwongezea kosa.

"Hata moja," nikasema, na safari hii nilikuwa namaanisha zangu. Niliona aibu. Si ile niliyoiogopa tangu Jumamosi, ya watu kujua. Hii ilikuwa nyingine, na kwa hii hakuna aliyekuwa akiniangalia.

"Mimi nampigia," akasema mume wangu. "Jumapili, ukiwa kanisani."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Yeye huniuliza mgongo wako unaendeleaje. Namwambia bado unauma ila unakataa kupumzika."

Sijui jina la nilichohisi wakati ule. Nilitaka kumrushia mto wa kochi kwa kunificha, na nilitaka kumshika miguu. Niliona wivu, mtu mzima kama mimi, wivu wa simu. Hasira ilikuja, ikapotea njiani, ikaja furaha, nayo sikuiamini. Watu tisa wananitazama, na mimi ndiye huwa nasema sasa tufanye nini. Muuza dawa aliona kimya kimezidi akaanza, "Basi tuinamishe vichwa..." na fundi bomba akampiga kiwiko akanyamaza. Hapo nilimpenda fundi bomba kwa moyo wangu wote, pamoja na ngazi ya kanisa.

"Mtoto?" nikamuuliza mume wangu. Sauti ilitoka ndogo.

"Mzima."

"Wa nini? Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Wifi alinishika bega akabana mpaka kucha zikaniingia. Nikamwacha abane.

"Ana meno mawili," akasema mume wangu, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyokuwa akijizuia kutabasamu, miezi yote ile, kila Jumapili niliporudi na Biblia yangu kumuuliza chakula kiko wapi.

"Ya chini au ya juu?"

Akafikiri. "Sikuuliza."

"Jamani! Unaambiwa mtoto ana meno mawili, huulizi ni ya wapi?"

"Sikujua yana tofauti."

"Yana tofauti kubwa! Muulize."

"Leo Jumatano," akasema. "Atashtuka. Atadhani kuna msiba."

"Basi nipe mimi nimuulize," nikasema. Akapangusa mikono kwa kile kitambaa, akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba, polepole kwa kidole kimoja, na wanakikundi wangu wote wakasogeza viti karibu bila kuambiwa.